Tabia ya Valvu na Dhima ya Mja

Katika masuala ambayo wanazuoni wa Basra na Baghdad waliyajadili karne baada ya karne, na ambayo hata leo humkosesha usingizi mtu mwenye kufikiri, ni machache yaliyo mazito kuliko hili: tendo la mja ni la nani? Ikiwa Muumba ndiye aliyeumba kila kitu, na matendo yetu ni miongoni mwa vitu, basi mwizi ana kosa gani na mkarimu ana sifa gani? Na ikiwa mja ndiye aliumbaye tendo lake mwenyewe, basi u wapi ufalme wa Mwenyezi Mungu usio na mshirika? Wajabria walisema kwamba mja hana hiari, na kwamba tendo huitwa lake kwa njia ya majazi tu. Wamuutazila, kwa kuulinda uadilifu wa Mungu, walisema kwamba mja ndiye mtendaji wa kweli wa matendo yake. Na Abul-Hasan al-Ash'ari, ambaye itikadi yake ndiyo iliyofuatwa na wengi katika wanazuoni wa Kishafii wa mwambao wetu, alishika njia ya tatu, akasema kwamba Mungu huliumba tendo na mja hulichuma, likawa chumo lake na hesabu yake.

Mzozo huo haukumalizika, wala makala moja haiwezi kuumaliza. Lakini yuko shahidi mmoja ambaye aghalabu haitwi katika baraza la namna hii, nami naona ya kuwa ushahidi wake wafaa kusikilizwa kwa makini, kwa kuwa hana upande wowote, hana madhehebu, wala hana nafsi ya kuitetea. Shahidi huyo ni valvu ya kiwandani iendeshwayo kwa hewa iliyoshindiliwa. Wahandisi, katika kutafuta njia ya kuipata iliyo bora na kuiweka mahali pake, wamelazimika kujiuliza swali lile lile ambalo wanafalsafa hujiuliza juu ya mtu, yaani ni kiasi gani cha mwenendo wa kitu ni cha kitu chenyewe na ni kiasi gani ni cha mahali kilipowekwa. Nao, tofauti na wanafalsafa, wamelipima swali hilo kwa tarakimu.

Kwa umbo lake valvu si kitu cha ajabu. Ni mwili wa chuma wenye mdomo wa kuingilia na mdomo wa kutokea. Kati ya midomo hiyo pana tundu la mviringo liitwalo kiti, na juu ya kiti pana kizibo kilichochongwa, ambacho hupandishwa na kushushwa na fimbo. Na juu ya fimbo, ndani ya kifuniko kipana, pana kiwambo cha mpira ambacho upande mmoja husukumwa na hewa na upande wa pili hupingwa na kamani nene ya chuma. Chumba cha uongozi huipelekea valvu amri kwa hewa hiyo, tangu shinikizo la bar 0.2, ambalo huiambia isitikisike, mpaka bar 1.0, ambalo huiambia iende hadi mwisho wa safari yake. Na pale ambapo nguvu ya hewa na nguvu ya kamani hulingana, hapo ndipo kizibo husimama, na hapo ndipo mkondo wa maji, wa mvuke au wa gesi hupata kipimo chake. Hila hii ina nasaba ya kale na tukufu. Katika karne ya 9, katika mji ule ule wa Baghdad, wana watatu wa Musa bin Shakir, Muhammad, Ahmad na al-Hasan, waliandika Kitab al-Hiyal, wakaeleza ndani yake vyombo vipatavyo mia moja, vingi vikiwa vya maji na hewa, na baadhi yake vikiwa na vizibo vya umbo la pia vilivyojifungua na kujifunga vyenyewe pasipo mkono wa mtu. Wanatheolojia na watengeneza vizibo waliishi chini ya anga moja, huenda wakanunua mkate soko moja, na yaelekea hawakujua ni kwa kadiri gani walikuwa wakishughulikia jambo moja.

Valvu itokapo kwa mchongaji hupimwa kwanza peke yake, katika hali ambayo tofauti ya shinikizo kati ya upande wa kuingilia na upande wa kutokea haibadiliki, iwe valvu imefunguliwa kidogo au imefunguliwa yote. Hapo huandikwa uwezo wake, ambao kwa kipimo kimoja kinachotumika sana ni idadi ya mita za ujazo za maji zinazopita kwa saa moja wakati tofauti hiyo ni bar 1. Na huandikwa pia jinsi mkondo unavyokua kadiri kizibo kinavyopanda. Maandishi haya ya pili ndiyo wanayoyaita tabia ya asili ya valvu. Ziko valvu za kufunguka haraka, ambazo hutoa karibu mkondo wao wote katika mwanzo wa mwendo. Ziko za mstari mnyoofu, ambazo fimbo ikienda nusu hutoa nusu. Na ziko za asilimia sawa, ambazo kila hatua iliyo sawa ya fimbo huuongeza mkondo uliopo kwa asilimia ile ile, hata ikawa hatua za kwanza zaonekana kama bure na za mwisho huleta gharika. Valvu ya namna hii ya tatu, ikiwa mkondo wake mkubwa ni mara 50 ya mkondo wake mdogo, hutoa asilimia 5 ifikapo robo ya mwendo, asilimia 14 ifikapo nusu, na asilimia 38 ifikapo robo tatu. Mtu asiyejua kazi akiziona tarakimu hizi ataihukumu kuwa imepotoka, na ataichagua ile ya mstari mnyoofu kwa sababu inaonekana kuwa na insafu.

Sasa na aiweke hiyo valvu nyofu katika bomba la kweli. Ndani ya kiwanda valvu haikai peke yake. Mbele yake ipo pampu, na nyuma yake yapo mabomba marefu, viwiko, vichujio na vyombo vya kupozea, na kila kimoja kinakula sehemu yake ya shinikizo kwa msuguano. Wakati valvu imefungwa karibu yote, mkondo ni mdogo, msuguano wa mabomba ni haba, na karibu shinikizo lote la pampu huiangukia valvu. Lakini inapofunguka na mkondo kukua, msuguano wa mabomba hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, na valvu huachiwa makombo. Sehemu ya shinikizo ambayo valvu hubakiwa nayo inapofunguliwa yote, ikilinganishwa na shinikizo lote la mfumo, wahandisi huiita mamlaka ya valvu. Tuchukue bomba ambalo valvu ina mamlaka ya sehemu moja katika kumi, jambo lisilo geni viwandani. Humo, ile valvu nyofu, ikiamriwa kufunguka kwa asilimia 10, haitoi mkondo wa asilimia 10 bali wa asilimia 30. Ikiamriwa asilimia 30, hutoa asilimia 70. Na safari yote iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, hubishana juu ya asilimia 30 zilizosalia. Valvu iliyokuwa mfano wa uadilifu mezani imekuwa ya pupa na ya kuruka bombani, ilhali hakuna chembe ya chuma iliyobadilika ndani yake. Na ile iliyoonekana kupotoka? Katika bomba hilo hilo, robo ya mwendo hutoa asilimia 17, nusu hutoa 41, na robo tatu hutoa 79: imekaribia kunyooka. Ndiyo sababu katika kazi nyingi mhandisi mwenye ujuzi huchagua valvu iliyopinda kwa makusudi, kwa kuwa ameujua upotofu wa bomba kabla ya kuihukumu tabia ya kizibo.

Mimi sijui hoja iliyo dhahiri kuliko hii dhidi ya wale wanaomhukumu mtu kwa tendo lake moja pasipo kuuliza lilitendekea wapi. Mtu hupimwa shuleni, au katika mahojiano ya kazi, au katika urafiki wa vijana, mahali ambapo shinikizo halibadiliki, tukaiandika tabia yake kwa wino. Kisha tunamtia katika bomba refu la ofisi, la umaskini au la ndoa yenye dhiki, na anapotoa mkondo usiolingana na maandishi yetu twasema alikuwa mnafiki tangu mwanzo. Na kinyume chake hutokea pia, ingawa hakisemwi sana: yuko mtu ambaye faraghani huonekana mzito, mwenye kusitasita, mwepesi wa kutoa kidogo na mgumu wa kutoa kingi, ambaye akiwekwa mahali penye mashaka huwa ndiye peke yake anayekwenda sawa.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aligusa jambo hili katika ile sehemu ya kitabu chake Ihya inayohusu mazoezi ya nafsi. Aliieleza tabia kuwa ni hali iliyotia mizizi katika roho, ambayo matendo hutoka humo kwa wepesi pasipo kuhitaji kufikiri. Kisha akawapinga wanaodai kwamba tabia haibadiliki, akisema kwamba ingekuwa hivyo, mawaidha na adabu vyote vingekuwa upuuzi. Alipiga mfano wa kokwa ya tende, ambayo si mtende wala si mtofaa, lakini imeumbwa kwa namna ambayo ikilelewa yaweza kuwa mtende, na hata ikilelewa namna gani haiwezi kuwa mtofaa. Hapa Imamu aligawa fungu moja kwa asili na fungu moja kwa malezi, na ugawaji huo ni wa haki. Lakini valvu inatufunulia fungu la tatu, ambalo si asili ya kitu wala si malezi yake: ni kiasi gani cha jambo lenyewe kimeachwa mikononi mwake. Mwalimu aliyepewa watoto 90 katika chumba kimoja hana upungufu wa asili wala wa malezi, ila mamlaka yake ni madogo, na mabomba yaliyo mbele na nyuma yake yamekwisha kula shinikizo kabla halijamfikia. Naamini kwamba dhima lazima ipimwe kwa mamlaka, na kwamba hukumu isiyouliza mamlaka ni dhuluma hata ikiwa mashahidi wake wote wamesema kweli.

Wajabria watafurahi kusikia hayo, nao hawana haki ya kufurahi, kwa sababu yako mengine ambayo valvu hushuhudia. Mamlaka ya sehemu moja katika kumi ni madogo, lakini ni madogo katika kuongoza mkondo tu, si katika kuuzuia. Valvu hiyo hiyo iliyo dhaifu, ambayo kwa safari yake kubwa haikuweza kuongeza ila kidogo, ikishuka na kukaa juu ya kiti chake huukata mkondo wote, na pampu yenye nguvu haiwezi kupitisha hata tone. Maana saa hiyo mabomba hayana msuguano wa kula chochote, na shinikizo lote la mfumo limeikalia valvu peke yake. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi, na kila mara huniongezea heshima kwa watu wadogo waliokataa. Karani asiyeweza kubadilisha siasa ya nchi, askari asiyeshauriwa juu ya vita, mhasibu ambaye maneno yake hayasikilizwi katika kikao, kila mmoja wao ana uwezo mdogo wa kuelekeza na uwezo kamili wa kusema hapana juu ya lile linalopita mkononi mwake. Na kila mmoja, akisema hapana, atajua pia kwamba uzito ambao zamani uligawanywa kwa mabomba mengi sasa umemwangukia yeye. Ikiwa kuna mahali ambapo chumo la Al-Ash'ari laweza kuonekana kwa macho, ni hapa. Pampu si ya valvu, mabomba si ya valvu, maji si ya valvu, na hata hewa inayoisukuma si yake. Lakini kufunga ni kwake.

Hayo ni ya maji. Inapopitishwa hewa yenyewe, kama ilivyo katika mitambo inayofanya kazi yake kwa hewa iliyoshindiliwa, hujitokeza jambo lingine ambalo maji hayatupi katika sura hiyo. Mwaka 1839 Wafaransa wawili, Saint-Venant na Wantzel, walichapisha uchunguzi wao juu ya hewa inayotoka katika tundu. Akili ya kawaida husema kwamba kadiri shinikizo la upande wa kutokea linavyopungua, ndivyo hewa itakavyotoka kwa wingi. Ni kweli, lakini mpaka mahali fulani tu. Tuseme upande wa kuingilia una shinikizo la bar 7, likihesabiwa kutoka utupu mtupu, ambalo geji ya ukutani husoma kama 6. Upande wa kutokea ukiwa na bar 7 pia, hakuna kinachopita. Ukishushwa hadi 6, hewa hupita. Ukishushwa hadi 5, hupita zaidi. Lakini nisba ya shinikizo la chini kwa la juu inapofika 0.528, yaani karibu bar 3.7 katika mfano wetu, mkondo husimama pale ulipofika. Ushushe hadi 2, hadi 1, uweke utupu kabisa: mkondo hautaongezeka hata kidogo. Nisba hiyo ni ya tundu lililochongwa vizuri. Valvu zenye njia za kupindapinda hufika kikomo chao chini zaidi, aghalabu kati ya 0.2 na 0.5, na kanuni ya kimataifa ya ISO 6358, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, huitaka kila valvu ya hewa ielezwe kwa tarakimu mbili, moja ya wingi wa mkondo wake wa mwisho na moja ya nisba ya kikomo hicho.

Sababu yake ni nzuri mno kuiruka. Hewa ya juu hujuaje kwamba huko chini kuna upungufu, ili iharakishe? Habari ya shinikizo husafiri ndani ya hewa kama wimbi, kwa mwendo ule ule wa sauti, na haina njia nyingine. Nisba inapofika kikomo, hewa katika koo la valvu, ambapo ni pembamba kuliko kote, huwa inakwenda kwa mwendo wa sauti wa mahali hapo, karibu mita 313 kwa sekunde ikiwa ilianza na joto la nyuzi 20. Na wimbi linalopanda kutoka chini kwa mwendo huo huo, likikutana na hewa inayoshuka kwa mwendo huo huo, halisogei. Upungufu wa chini waweza kuzidi na kuzidi, lakini habari yake haipandi tena. Kilichobaki kuongeza mkondo ni mambo mawili tu: kuongeza shinikizo la juu, au kupanua koo.

Wanazuoni wa ilimu ya kalam, yaani theolojia ya Kiislamu, walibishana juu ya kukalifishwa mja kwa jambo asiloliweza. Wamuutazila walilikataa kwa hoja ya akili, wakiliona kuwa ni dhuluma isiyolingana na Mungu; Waash'ari walisema kwamba Mungu hafungwi na akili zetu, na kwamba kwa nadharia jambo hilo lawezekana. Lakini pande zote mbili zilisoma mwisho wa Sura ya Baqara, na zote zilijua kwamba Mola amejieleza kwa waja wake kuwa haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya wasaa wake. Kinachonisikitisha ni kwamba lile ambalo Mungu alilikataa kwa fadhila yake, wakubwa wa dunia hulifanya kila siku kwa mazoea. Muuguzi wa zamu ya usiku mwenye wodi mbili, akiwa amekwisha kuufikia mwendo wake wa sauti, huongezewa wagonjwa, na anapokuwa hatoi zaidi huandikiwa barua ya uzembe. Waliomwandikia wanadhani kwamba haja ikikua chini, juhudi haina budi kukua juu. Hawakujifunza kwamba kiko kikomo ambacho kikipitwa, haja haivuti tena. Kumdai mtu huyo zaidi hakuongezi hata tone moja katika anachokitoa. Anayetaka zaidi na aongeze kinachomfikia, ama ampanulie njia, na asipofanya lolote katika hayo mawili basi upungufu ni wake yeye aliyedai.

Tena iko sifa nyingine ya valvu ambayo mtengenezaji analazimika kuitangaza kabla haijanunuliwa, nayo ni hii: hewa ikikatika, itafanya nini? Kompresa yaweza kuzimika, bomba la hewa laweza kupasuka, na hapo kamani hubaki peke yake na kizibo. Valvu ya mafuta ya boila huwekwa ili kamani iifunge, moto ufe. Valvu ya maji ya kupozea huwekwa ili kamani iifungue, joto lipate pa kwenda. Hakuna inayoachwa bila kuamuliwa. Ubinadamu ulilipa gharama kubwa kulijua jambo hili, na gharama mojawapo ililipwa tarehe 12 Juni 1889 karibu na Armagh, katika Ireland, ambapo treni iliyowabeba watoto wa shule ya Jumapili na jamaa zao katika matembezi ilishindwa kupanda mlima, wakuu wake wakaamua kuikata vipande viwili ili kipande cha mbele kitangulie. Breki zake zilikuwa za namna ya utupu, lakini zilihitaji muungano na injini ili zikamate. Mabehewa ya nyuma yalipokatwa yalipoteza breki, yakabaki na breki ya mkono ya gadi na mawe yaliyotiwa chini ya magurudumu, yakaponyoka, yakateremka, yakaigonga treni iliyokuwa ikija nyuma. Walikufa watu wapatao 80, miongoni mwao watoto wengi. Miaka 17 kabla ya siku hiyo, mwaka 1872, George Westinghouse wa Marekani alikuwa amekwisha kuonyesha valvu iliyogeuza mantiki yote: bomba la treni hujazwa hewa ili breki ziachilie, na kila behewa lina tangi lake, hata bomba likikatika popote ni kule kukatika kunakofungulia hewa ya tangi na kuzikaza breki zote. Ni baada ya watoto wale kuzikwa, katika mwaka ule ule, ndipo Bunge la Uingereza lilipotoa sheria ya kuzilazimisha treni za abiria kuwa na breki zinazojikaza zenyewe.

Nakileta kisa hiki kwa kuwa naona ya kuwa mafundisho ya imani huzungumza mno juu ya utii wa mja wakati amri inafika, na huzungumza kidogo mno juu ya kamani yake. Mtu mwema wakati mshahara waja, wakati shekhe au padri yu karibu, wakati jirani anaona, ni valvu iliyo na hewa. Bado hatujui atakuwa nani bomba likipasuka. Mwenye busara huliamua hilo mapema, katika siku za amani, ajue ni milango gani ndani yake itajifunga yenyewe siku ya hofu na ni ipi itafunguka, kwa kuwa siku yenyewe haitampa nafasi ya kushauriana.

Hata hivyo mtu si valvu, na tofauti iliyo kubwa ni kwamba valvu haijijui. Wahandisi wamejaribu kuipunguza tofauti hiyo kwa chombo kidogo kinachofungwa ubavuni mwa fimbo, ambacho mafundi hukiita pozishena. Fimbo hupita katika vifungashio vinavyoibana isivuje, na ubanaji huo huifanya ikwame kidogo, hata ikawa amri ya asilimia 50 huipeleka mahali pamoja inapopanda na mahali pengine inaposhuka. Pozishena huipima fimbo ilipo hasa, huilinganisha na amri, na huongeza au hupunguza hewa mpaka viwili hivyo vipatane. Wakati wana wa Musa wakifanya hila zao Baghdad, aliishi mjini humo al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki mwaka 857, ambaye mafunzo yake yote yalizunguka juu ya mja kuihesabu nafsi yake, kuilinganisha amri iliyokuja na mahali ambapo moyo umesimama hasa, na kuisahihisha tofauti kabla haijawa mazoea. Sijui ibada iliyo ya lazima zaidi kwa mtu wa zama hizi, ambaye mikwamo yake ni mingi na ambaye hupanda katika wema kwa njia moja na kushuka kwa nyingine.

Lakini pozishena ina upofu wake. Inajua mahali fimbo ilipo. Haijui maji mangapi yamepita. Kizibo kikiliwa na mchanga uliomo majini, fimbo itasimama pale pale ilipoamriwa, pozishena itashuhudia kwamba amri imetimizwa, na kumbe mkondo umezidi maradufu. Ndiyo maana mhandisi mwangalifu huweka katika bomba lile lile mita inayoupima mkondo wenyewe, na mita na pozishena zikihitilafiana huanza kwa kuisikiliza mita. Mtu anayeihesabu nafsi yake usiku kwa nia zake tu aweza kulala salama miaka mingi, kila nia ikiwa mahali pake, ilhali wale ambao matendo yake huwafikia, mke wake, wanafunzi wake, wadeni wake na walio chini ya amri yake, wanapokea kitu kingine kabisa. Hana budi kuwauliza, na kuyapokea majibu yao hata yanapopingana na daftari lake, kwa sababu wao ndio wanaokaa upande ambao mkondo hutokea.